Bima ya mwenye nyumba haimhusu mpangaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuumiza wapangaji wengi hapa Sengerema, nalo ni kutoelewa bima.

Tulio wengi katika vyumba vya kupanga tunadhani kwamba mwenye nyumba akiwa na bima ya moto, basi na sisi tumo. Hatumo. Bima yake ni ya kuta, paa na milango. Kitanda, cherehani na redio ni mali ya mpangaji, na vikiteketea hakuna wa kumlipa. Tena lipo baya zaidi: ikithibitika kwamba moto ulitokana na uzembe wa mpangaji, kwa mfano jiko la mkaa lililoachwa likiwaka, kampuni iliyomlipa mwenye nyumba inaweza kumgeukia mpangaji huyo na kumdai.

Bima inayotufaa ni ya vitu vilivyomo ndani, dhidi ya moto, wizi wa kuvunja na mengine yaliyotajwa katika hati. (Dagaa wa biashara waliowekwa chumbani kwa kawaida huhitaji bima yao.) Lakini hapa napo pana mtego. Mtu mwenye mali ya shilingi 4,000,000 akitaja shilingi 2,000,000 ili apunguziwe malipo, kisha akaunguliwa na vitu vya shilingi 1,000,000, anaweza kulipwa shilingi 500,000 tu. Atasema ameibiwa, kumbe sharti hilo limo katika hati. Nani aliisoma? Mimi wakala alinipa hati ya kurasa nyingi kwa Kiingereza. Nilipomwuliza juu ya mwizi anayeingia bila kuvunja mlango, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao.

Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1996 ikaruhusu makampuni ya watu binafsi. Hata hivyo bima tunayoifahamu sana huku ni ya magari, kwa sababu trafiki huidai.

Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ihakikishe kwamba mwananchi anapewa hati kwa Kiswahili, na makampuni yalete watu wa kutuelimisha mitaani, siyo kuishia Mwanza mjini. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, hivyo kisingizio cha kusubiri kivuko hakipo tena.

Mpangaji,
Sengerema, Mwanza.