Fundi Konde: Kumuenzi mtunzi ni kulitaja jina lake

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Hata hivyo, historia ya muziki wa Pwani yetu yaonyesha kuwa wengi waliocheza kwao walituzwa makofi tu, kisha majina yao yakasahaulika ilhali nyimbo zao zingali zikiimbwa.

Fundi Konde, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1924 na kufariki dunia mwaka 2000, angaliweza kuwa mmoja wao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki, na baadaye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. Nyimbo zake kama vile ‘Tausi’ na ‘Ajali Haikingiki’ zilivuma kote nchini. Lakini mitindo ilipobadilika, mtunzi huyo alisahaulika kwa miaka mingi.

Waliomrudisha jukwaani ni vijana wa Pwani. Bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison, ilikuwa imekwisha kujipatia sifa kwa wimbo ‘Jambo Bwana’. Mwaka 1991 bendi hiyo ilizirekodi upya nyimbo za Konde, yeye mwenyewe akishiriki, na jina lake likaandikwa waziwazi kwenye albamu. Miaka mitatu baadaye ikatolewa albamu nyingine, iliyokusanya rekodi zake za kati ya mwaka 1947 na 1956.

Funzo kubwa limo katika kitendo hicho. Kuimba ‘zilizopendwa’ si lazima kuwe ni kumuenzi mtunzi. Kila jioni, katika hoteli za ufuoni kuanzia Malindi hadi Watamu na Kilifi, nyimbo za kale huweza kupigwa bila msikilizaji kuambiwa ni za nani. Wimbo usio na jina la mwenyewe ni kama shamba lisilo na mpaka: kila apitaye huvuna. Mabishano ya miaka mingi kuhusu ni nani hasa aliyetunga ‘Malaika’, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William, ni ushahidi wa kutosha.

Suala hili ni la mkate pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa Konde, hesabu hiyo yafika mwisho wa mwaka 2050. Rekodi za sauti zina hesabu yake: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipofanywa. Kwa hiyo, santuri za miaka ya 1950 zimekwisha kupoteza kinga hiyo, lakini utungo uliomo ndani yake ungali mali ya warithi, isipokuwa kama haki hiyo ilihamishwa kwa mkataba. Bendi ipigayo wimbo huo hadharani, au hoteli iliyoikodi, haiwezi kudai kuwa eti ni wa kale na hauna mwenyewe.

Mwaka 2022, bendi hiyo ilipotimiza miaka 50, mwanzilishi wake Teddy Kalanda Harrison, mtunzi wa ‘Jambo Bwana’, naye aliaga dunia. Sasa ni zamu ya vijana kumfanyia yeye alichomfanyia Konde.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Bendi zimtaje mtunzi kabla ya kupiga wimbo, watangazaji wa redio wafanye vivyo hivyo, nayo Serikali ya Kaunti ya Kilifi ihifadhi kumbukumbu za watunzi wake na kuwafunza wanamuziki namna ya kusajili kazi zao. Na kwa wazee walio hai bado, tusingoje matanga. Konde alialikwa studioni akiwa na nguvu za kushika gita. Hiyo ndiyo heshima aliyoweza kuisikia kwa masikio yake.