Damu Imerudi, Je, Tuache Dawa?



Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja alinivuta pembeni. Miaka iliyopita aliongezewa damu mara nyingi, akapelekwa Mbeya, kisha Dar es Salaam, ambako alianzishiwa vidonge vya siklosporini. Sasa analima maharage yake kama wenzake. "Dada nesi, nimepona. Vidonge niache? Na baba watoto anataka mtoto mwingine."

Ugonjwa wake si ule upungufu wa damu tunaouona kliniki kila siku, wa malaria, minyoo au lishe. Kwake uloto, yaani ule urojo wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ulikauka. Mara nyingi ni askari wa mwili wenyewe wanaoushambulia, na vidonge vya kuongeza damu havifui dafu. Daktari Paul Ehrlich wa Ujerumani aliueleza mwaka 1888. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke kijana, mjamzito, naye alifariki.

Katika miaka ya 1970 madaktari wa Ulaya waliona jambo la ajabu. Waliwapandikizia wagonjwa uloto wa watu wengine. Kwa baadhi yao haukushika, lakini uloto wao wenyewe ukafufuka! Kumbe dawa ya maandalizi, seramu ya farasi au sungura, iliwatuliza wale askari. Ikitumiwa pamoja na siklosporini, takriban wagonjwa wawili kati ya watatu hupata nafuu, ingawa husubiri miezi mitatu hata sita. Seramu hiyo ni ghali, ndiyo maana wapo wanaopewa siklosporini peke yake.

Sasa swali la kwanza. Kwa waliopata nafuu, karibu theluthi moja ugonjwa huwarudia, hasa dawa ikiachwa haraka. Daktari huipunguza kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Najua inaudhi: ufizi huvimba, presha hupanda, nywele huota usoni, na mama akiona ndevu huona haya akazitupa dawa kimya kimya. Mwambie daktari, usizitupe. Naye akupime figo. Ukipata homa, usingoje kesho.

Tena, katika miaka kumi, watu 10 hadi 15 kati ya kila 100 waliotibiwa hupata ugonjwa mwingine wa uloto, pengine hata saratani ya damu. Kwa hiyo picha kamili ya damu hupimwa kwa miaka, hata ukijisikia mzima. Kipimo hicho kipo hapa Sumbawanga. Si lazima kila mara kupanda basi la Mbeya.

Na mtoto? Mwaka 2002 madaktari wa Ulaya walitoa taarifa ya mimba 36 za wanawake waliotibiwa hivyo. Katika mimba 7 ugonjwa ulirudi. Zipo zilizokwenda salama, kwa hiyo simkatazi. Ila amwone daktari kabla ya kushika mimba, damu ipimwe kila mwezi, na ajifungulie hospitali yenye akiba ya damu, si nyumbani wala zahanati ya kijijini.

Nilimwomba aje na mumewe, maana mzigo huu si wa mama peke yake. Jumatano walikuja wote wawili. Baba aliuliza maswali mengi kuliko mama, tukaenda pamoja kwa daktari.