Si Tamaa Peke Yake: Ajali za Malori ya Petroli na Wajibu wa Umma

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti, 2019, lori lililobeba petroli lilipinduka katika eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika, baadhi yao wakiwa na madumu na ndoo. Muda si mrefu moto ukalipuka, na hesabu ya waliofariki, pamoja na majeruhi waliokata roho hospitalini siku zilizofuata, ikazidi watu 100. Taifa likaomboleza kwa siku tatu.

Katika siku hizo za maombolezo, na hata baadaye, neno moja lilitawala mazungumzo ya wananchi wengi: tamaa. Ilisemwa kwamba watu walikufa kwa kutamani kisicho chao, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lawama ya namna hiyo si ngeni. Ajali za aina hii zilikwisha kutokea Sachangwan, nchini Kenya, tarehe 31 Januari, 2009, zikaua watu zaidi ya 100. Na Sange, katika Kivu ya Kusini nchini Kongo, tarehe 2 Julai, 2010, ambako waliofariki walizidi 200. Baada ya Morogoro ikafuata Freetown, nchini Sierra Leone, mwezi Novemba, 2021, na jimbo la Jigawa, nchini Nigeria, mwezi Oktoba, 2024. Kila mara maiti huzikwa, lawama hutolewa, na lori linalofuata likipinduka watu hukusanyika tena.

Hapana budi kukiri kwamba neno hilo lina sehemu yake ya ukweli. Mafuta yaliyomwagika yana mwenyewe, na kuyachota si halali. Lakini neno linalofaa katika mahubiri si lazima lifae katika uchunguzi. Likichukuliwa kuwa ndilo jibu, maswali mengine yote hufungwa: moto uliwafikiaje watu waliosimama mbali? Nani alipaswa kuwaondoa? Na kwa nini umati mzima haukuuona mauti uliokuwa miguuni pake?

Waliokufa bila kuchota

Ushahidi wa kwanza dhidi ya maelezo hayo ni waathiriwa wenyewe. Si wote waliokuwa na ndoo mikononi. Palikuwa na wapita njia, waendesha bodaboda, na watazamaji waliovutwa na udadisi tu. Kule Sange, miongoni mwa waliofariki walikuwamo watu waliokuwa wamekaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakutamani petroli ya mtu. Moto uliwafuata walipokuwa, kwa sababu petroli ilikuwa imekwisha kuwafikia kabla ya moto.

Hapa ndipo sayansi inapopaswa kupewa nafasi ya kusema.

Mafuta mawili yasiyofanana

Si kweli kwamba mwananchi wa kawaida hajui lolote kuhusu mafuta. Anajua mengi, lakini ujuzi wake unahusu mafuta mengine. Vizazi vingi vya Afrika Mashariki vimekulia kando ya kibatari na jiko la mafuta ya taa. Mtoto huona mama akimimina mafuta ya taa karibu na jiko la mkaa bila madhara. Huona yakimwagika sakafuni yakafutwa kwa kitambaa, na maisha yakaendelea. Kutokana na hayo hujifunza, na kwa haki kabisa, kwamba mafuta huwaka pale tu yanapoguswa na moto.

Kanuni hiyo haifai kwa petroli. Kila mafuta yana kiwango cha joto ambacho chini yake hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa mafuta ya taa, kiwango hicho ni kuanzia nyuzi 38 za Sentigredi hivi. Kwa dizeli ni zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo katika siku ya kawaida yenye nyuzi 30, dimbwi la mafuta ya taa au dizeli halizungukwi na mvuke unaoweza kulipuka. Petroli, kinyume chake, hutoa mvuke wa kutosha hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna mahali katika Afrika Mashariki, hata kileleni mwa Kilimanjaro, palipo na baridi ya kutosha kuituliza.

Kwa macho, mafuta hayo ni maji tu yenye harufu. Kwa tabia, yanatofautiana kama paka na chui. Aliyezoea moja akakutana na jingine si mjinga. Amedanganywa na mazoea yake mwenyewe.

Hesabu ya lita moja

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai juu ukatawanyika kama moshi wa kuni. Hutambaa chini, ukifuata miteremko na mitaro, ukaingia mabondeni na chini ya milango. Aghalabu hauonekani. Pua huunusa, lakini pua si kipimo cha kutegemewa: huanza kunusa petroli ikiwa bado ni kidogo mno kuweza kuwaka, na baada ya dakika chache huizoea harufu hiyo ikawa kama haipo.

Ili uwake, mvuke huo sharti uchanganyike na hewa kwa kiasi maalumu, yaani kuanzia asilimia 1.4 hadi 7.6 ya ujazo. Ukipungua hapo hauwaki. Ukizidi pia hauwaki, kwa kuwa oksijeni haitoshi. Wanafunzi wanaweza kupiga hesabu. Lita moja ya petroli, ikigeuka yote kuwa mvuke, hutoa takriban lita 200 za mvuke. Ukigawa lita 200 kwa 0.014, utapata zaidi ya lita 14,000 za hewa inayoweza kuwaka, nazo ni sawa na chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 2.4. Hayo ni ya lita moja. Lori kubwa hubeba lita 30,000 au zaidi.

Kutokana na namba hizo hutokea jambo ambalo watu wachache hulifikiri. Karibu kabisa na dimbwi, mvuke unaweza kuwa mwingi mno kiasi cha kutowaka. Hivyo dakika hupita, watu huchota, na hakuna linalotokea. Kila dakika inayopita salama huwaita wengine waje. Lakini kwenye ukingo wa wingu hilo la mvuke, mita kadhaa kutoka kwenye lori, mchanganyiko umefikia kiasi kamili cha kulipuka. Na ukingoni ndiko waliko watazamaji, wavuta sigara, na pikipiki zenye injini zinazonguruma. Cheche ndogo kuliko inayoweza kuonekana mchana yatosha. Ikiwaka pale, moto hurudi mbio mpaka kwenye dimbwi na kuwakuta wote waliomo njiani. Ndiyo maana kubishana juu ya nani aliyewasha moto hakuna faida kubwa. Penye umati na mvuke wa petroli, cheche haikosi.

Je, elimu ingewazuia?

Wapo watakaopinga wakisema kwamba habari za Sachangwan zilijulikana miaka kumi kabla ya Morogoro, na bado watu walichota. Pingamizi hili ni zito, nalo lastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba kilichojulikana ni msiba, si sababu yake. Habari zilieleza kuwa moto uliwaka. Hazikueleza kwamba mvuke ulikuwa umetangulia. Anayesikia kwamba moto uliwaka hujipa moyo kuwa yeye atakuwa mwangalifu na atakimbia auonapo. Anayeelewa kwamba amesimama ndani ya wingu linaloweza kulipuka hana pa kukimbilia, na hilo hulijua kabla ya kusogea.

Jibu la pili linahusu umaskini. Mwaka 2019 lita moja ya petroli nchini Tanzania iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,000. Dumu la lita 20 lilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 40,000, wakati kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa shambani, kilichowekwa mwaka 2013, kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Dumu moja basi lilikuwa sawa na siku kumi na mbili za jembe. Mtu anayepewa ujira wa siku kumi na mbili kwa kazi ya dakika tano atahitaji sababu nzito ya kuukataa, na onyo lisilo na maelezo si sababu nzito. Elimu peke yake haitoshi kumwondoa. Lakini kumlaumu peke yake hakujawahi kumwondoa hata mmoja.

Wajibu wa wenye mamlaka

Yafaa kutazama jinsi msiba mwingine ulivyoshughulikiwa. Tarehe 11 Julai, 1978, lori lililobeba gesi ya propilini liliteketea kando ya kambi ya watalii ya Los Alfaques, nchini Hispania, na watu zaidi ya 200 wakafa. Hakuna aliyeweza kuwalaumu marehemu, maana walikuwa mapumzikoni. Kwa kuwa lawama haikuwa na pa kuangukia kwa urahisi, ilibidi lichunguzwe lori lenyewe. Ikaonekana kwamba tangi lilikuwa limejazwa kupita kiasi, halikuwa na vali ya usalama, na lilipita barabara ya pwani yenye makazi badala ya barabara kuu ya kulipia. Wahusika wakashtakiwa, na kanuni zikabadilishwa ili shehena za hatari ziepushwe na makazi ya watu.

Maswali hayohayo yastahili kuulizwa Afrika Mashariki, hata pale ambapo waliokufa walikuwa na ndoo. Malori ya petroli hupita wapi na saa ngapi? Hulala wapi madereva wanapochoka: nje ya mji, au katikati ya nyumba na vibanda vya chakula? Bomba hupunguza malori barabarani, na Kenya imekuwa na bomba la mafuta kati ya Mombasa na Nairobi tangu mwaka 1978. Lakini bomba nalo halina usalama likizingirwa na makazi, kama ilivyodhihirika tarehe 12 Septemba, 2011, mafuta yalipovuja na kuwaka katika mtaa wa Sinai, jijini Nairobi, na kuua watu wapatao 100.

Zaidi ya hayo yote, ni nani anayesimamia nusu saa ya kwanza? Mwongozo wa dharura utumiwao na vikosi vya zimamoto vya Marekani na Kanada huelekeza kwamba petroli ikimwagika kwa wingi, ifikiriwe kuwaondoa watu mpaka mita 300 upande upepo unakoelekea. Na tangi likiwa linaungua, mpaka mita 800. Katika barabara za Afrika Mashariki, gari la zimamoto mara nyingi lina mwendo mrefu kabla ya kufika. Wanaowahi ni askari wa usalama barabarani, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na mwalimu wa shule iliyo jirani. Hao ndio wanaopaswa kufundishwa kupima hatua, kujua upepo unaelekea wapi, kuzima injini zote, na kupiga simu, ambayo kwa Tanzania ni namba 114. Mafunzo hayo hayagharimu fedha nyingi. Yanahitaji uamuzi.

Kazi iliyo darasani

Walimu wa sayansi wana nafasi ambayo hakuna kamati ya uchunguzi iliyo nayo: wao hufika kabla ya ajali. Petroli isitumiwe kamwe katika jaribio lolote shuleni. Lakini tabia ya hewa nzito yaweza kuonyeshwa kwa usalama. Mwalimu achanganye magadi na siki, au maji ya ndimu, ndani ya jagi refu. Hewa ya kaboni dayoksaidi itakayotoka ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kisha aimimine taratibu, bila kumwaga kimiminika, juu ya mfereji wa bati ulioinamishwa, wenye mishumaa midogo iliyowashwa. Mishumaa itazimika mmoja baada ya mwingine, toka juu kwenda chini, na hakuna mwanafunzi atakayeona kilichoizima.

Hapo mwalimu awaulize wanafunzi: je, hewa hii isiyoonekana ingekuwa inawaka badala ya kuzima, na ingekuwa nzito mara mbili zaidi, na mfereji huu ungekuwa mtaro wa barabara, mtu asimame wapi? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo atalipeleka nyumbani, kwa ndugu mwenye bodaboda na kwa jirani mwenye kibanda kando ya barabara kuu. Nao, siku lori litakapopinduka, watakuwa na sababu ya kurudi nyuma ambayo lawama haikuwahi kuwapa.