Viwanja vidogo vya ndege Kilombero: Historia inayomezwa na majani

MWEZI Agosti mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilometa 66.9, wakazi wa Mkula na vijiji jirani vilivyo chini ya Milima ya Udzungwa walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Vumbi la kiangazi na tope la masika, mambo yaliyowatesa kwa miaka mingi, hatimaye yalikuwa yamepatiwa dawa.

Shangwe hiyo ilikuwa halali. Hata hivyo, kila njia mpya inapofunguliwa ipo njia ya zamani inayosahauliwa, na katika Bonde la Kilombero njia inayosahauliwa upesi kuliko zote ni ile ya angani.

Hapa hazizungumzwi ndege kubwa za abiria. Vinazungumzwa viwanja vidogo ambavyo ramani nyingi hazivionyeshi: kipande cha ardhi tambarare kilichofyekwa majani, mawe yaliyopakwa chokaa pembezoni, na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kumwonyesha rubani upepo unakotoka.

Viwanja vya namna hiyo, hapa nchini na kwa majirani, vilitengenezwa na misheni, mashamba makubwa, Serikali na kampuni za uwindaji wa kitalii. Baadhi vilianza kwa madhumuni ya starehe tu, ili watu wachache wenye uwezo waruke kutazama wanyama na mandhari, au wafike porini bila kuchafua viatu.

Swali linalopaswa kuulizwa mapema ni hili: rubani wa mwisho akishaondoka, nani anabaki na historia ya kiwanja hicho, na ardhi yake inakuwa ya nani?

Umuhimu wa swali hilo unatokana na jiografia ya bonde lenyewe. Mto Kilombero hupita kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, kisha huungana na Mto Luwegu kuunda Mto Rufiji. Masika yanapokolea, sehemu kubwa ya bonde hugeuka kuwa ziwa. Mpunga hustawi kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo barabara hukatika.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, iliwapunguzia wakazi wa upande wa Udzungwa adha hiyo. Waliokuwa ng'ambo ya mto, kuelekea Mahenge na Malinyi, waliendelea kutegemea kivuko. Januari mwaka 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama, na ni mwaka 2018 tu ndipo daraja lenye urefu wa meta 384, lililopewa jina la Rais John Magufuli, lilipozinduliwa.

Katika mazingira hayo, ndege ndogo yenye injini moja haikuwa pambo. Ndege kama Cessna 206 hubeba rubani na abiria watano, na hutosheka na uwanja wa nyasi usiofika kilometa moja. Safari ya barabara ya kutwa nzima kutoka Dar es Salaam iligeuka kuwa ya muda wa saa moja na kitu.

Mji kama Ifakara, wenye Hospitali ya Mtakatifu Francis na kituo cha utafiti wa magonjwa ya kitropiki kilichoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957, usingeweza kuupuuza usafiri wa namna hiyo.

Ili kufahamu viwanja hivyo vilianzaje, hapana budi kurudi nyuma hadi miaka ya 1920, wakati urubani ulipoingia Afrika Mashariki kama mchezo wa matajiri. Mwaka 1927 walowezi wa Nairobi waliunda klabu yao ya urubani. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, iliyokuja kubeba abiria na barua hadi Dar es Salaam na Zanzibar.

Wakati huo ndege ilikuwa pia chombo cha kuwindia. Marubani waliruka juu ya nyika kutafuta makundi ya tembo, kisha wakawaelekeza wawindaji waliokuwa ardhini. Beryl Markham, aliyekuja kupata sifa duniani mwaka 1936 kwa kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, alifanya kazi hiyo. Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu wa Kiingereza, aliifanya pia.

Mei 14, mwaka 1931, ndege ya Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Vitabu na filamu vimeandika habari zake, na kaburi lake katika vilima vya Ngong hutembelewa na watalii. Mtumishi wake aliyekufa naye katika ndege hiyo anajulikana kwa jina moja tu: Kamau.

Jambo hilo linaeleza mengi kuhusu namna historia ya viwanja hivi ilivyohifadhiwa. Jina la rubani lilibaki, na jina la mwenye ndege lilibaki. Waliofyeka majani, waliofukuza ng'ombe kabla ndege haijatua, waliobeba mapipa ya mafuta na walioitoa ardhi yenyewe hawakuandikwa popote.

Pamoja na dosari hiyo, ipo sura nyingine ya historia hiyo inayostahili kuzingatiwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Wilson Airways ilifikia mwisho wake, na ndege zake zikachukuliwa kwa kazi ya vita. Uwanja wake haukufa. Mwaka 1962 ulipewa jina la Wilson, na ndio uliokuja kuwa kituo kikuu cha Madaktari Warukao wa AMREF.

Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, baada ya mazungumzo yaliyofanyika nyumbani kwa Wood katika miteremko ya Kilimanjaro, ndani ya Tanganyika ya wakati huo. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Ujuzi ambao kwa wengine ulikuwa burudani ya mwisho wa juma, kwake uligeuka kuwa njia ya kumfikia mgonjwa ambaye gari lisingemfikia kwa wakati.

Kwa maneno mengine, kiwanja kilichowekwa kwa anasa ya wachache kinaweza kuja kuokoa maisha ya wengi. Sharti ni moja: kiwe bado kipo, na awepo mtu anayejua kuwa kipo.

Huko Kilombero, maisha ya viwanja vya wawindaji yamefuata mkondo wa sera. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji, na uliporejeshwa mwaka 1978 shughuli za uwindaji wa kitalii ziliwekwa chini ya shirika la umma, TAWICO. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 vitalu vikaanza kukodishwa kwa kampuni binafsi. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu yanayolindwa na Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2023 sehemu yake ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero.

Kila badiliko la sera lilimaanisha mabadiliko ya wanaoruhusiwa kutua. Kiwanja cha porini huishi kadiri kibali cha mwenye kitalu kinavyoishi. Kibali kikikoma, majani hayachelewi. Msimu mmoja wa mvua hutosha kuficha mawe ya chokaa, na misimu mitatu hutosha kwa vichaka kuziba njia nzima.

Hapo ndipo suala la historia linapogeuka kuwa suala la ardhi. Kiwanja chenye urefu wa meta 1,000 na upana wa meta 60, pamoja na nafasi ya usalama kila upande, ni hekta sita, yaani takriban ekari 15. Katika vijiji ambako mkulima wa mpunga huhangaika kupata ekari mbili, ekari 15 zilizo tupu na tambarare haziwezi kukaa bila kutamaniwa.

Ikumbukwe kuwa bonde hili lina historia chungu ya migogoro ya ardhi. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao kwa hoja ya kulinda ardhi oevu, na mvutano kati ya wakulima, wafugaji na wahifadhi haukuishia hapo. Kipande cha ardhi kisicho na kumbukumbu ya maandishi, katika mazingira kama hayo, ni ugomvi unaosubiri siku yake. Mmoja atadai ni mali ya kampuni iliyoondoka, mwingine atadai ni ya Serikali, na wa tatu atasema babu yake alilima hapo kabla ndege ya kwanza haijatua.

Wapo watakaohoji kuwa baada ya lami na daraja, viwanja hivi havina kazi tena, na kwamba ni heri ardhi hiyo igawiwe wananchi. Hoja hiyo ina uzito. Uwanja usio na taa hautumiki usiku, na hata mchana mvua kubwa huweza kuufunga. Mgonjwa wa Mkula anayewahishwa Ifakara kwa gari juu ya lami yuko katika nafasi bora kuliko yule wa zamani aliyesubiri ndege isiyo na uhakika.

Lakini mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoyakumba maeneo ya Kilombero, Malinyi na Rufiji, yalionyesha kuwa lami haijamaliza habari. Nje ya barabara kuu, wilaya hizi bado zina vijiji vingi vinavyofikiwa kwa njia za udongo, na maji yanapopanda, njia hizo ndizo za kwanza kukatika. Kiwanja kilichoinuka kidogo kuliko mashamba ya jirani kinaweza kupokea dawa, chakula au mganga siku ambayo gari limekwama.

Kwa hiyo si kila kiwanja kinastahili kufufuliwa, na si kila kimoja kinastahili kulimwa. Kinachostahili kila kimoja ni uamuzi wa wazi, unaofanywa na wenye ardhi wakiwa na taarifa kamili mbele yao.

Njia ya kufanya hivyo ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kusimamia ardhi ya kijiji, inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya mgawo wake, na inataka ardhi ya matumizi ya pamoja iwekwe katika daftari. Kijiji chenye kiwanja cha zamani kinaweza kuandika mipaka yake, kilivyopatikana, aliyekitengeneza, aliyelipwa fidia na asiyelipwa, kisha kikaamua kibaki au kigeuzwe shamba, uwanja wa michezo au eneo la shule.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, bali inahitaji wazee. Wapo bado vijijini waliofyeka majani wakiwa vijana na kukimbia kuwaondoa ng'ombe waliposikia mngurumo wa injini. Wanajua kilipoanzia kiwanja na kilipoishia, na wanajua pia ni shamba la nani lililokatwa kupisha njia. Kumbukumbu hizo zinapungua kila mwaka, na zikishakwisha hakuna ramani itakayozirejesha.

Bonde la Kilombero limepata lami na daraja baada ya kusubiri kwa muda mrefu, na hakuna anayetamani kurudi kwenye tope. Waliokuja kuruka kwa starehe walishaondoka na picha zao. Ardhi waliyotua juu yake imebaki mikononi mwa wanakijiji, na ni wanakijiji hao watakaonufaika nayo, au watakaogombana kwa ajili yake, kutegemea kama habari zake zitaandikwa sasa au zitaachwa zimezwe na majani.