Ukulima na Mifugo: Binti na Mtamba Wake Katika Maonyesho

Katika nchi ya Uingereza ni desturi ya miaka mingi mtoto wa mkulima kupewa farasi mdogo, yule aitwaye poni, amtunze kwa mikono yake mwenyewe, kisha siku ya maonyesho aingie naye uwanjani mbele ya waamuzi. Maonyesho makubwa ya farasi yaliyoanza Harringay, London, mwaka 1949, yangali yakifanyika hata leo katika mji wa Birmingham, na vijana wenye poni wanayo nafasi yao humo.

Kakamega hakuna farasi wa kufanyia maonyesho ya namna hiyo. Sababu si gharama peke yake. Upo ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, wadudu wadogo mno warukao usiku mahali penye joto na unyevu, na farasi aupatao mara nyingi hafiki juma la pili. Punda huustahimili zaidi, lakini hakuna mzee wa Kakamega atakayemwosha punda wake kwa sabuni ili akatafute kombe. Mnyama wa heshima huku ni ng'ombe, na kijana atakaye kujifunza yale anayojifunza mtoto wa Kiingereza kwa poni, atayapata yote kwa mtamba.

Chama cha Ukulima cha Kenya kilianzishwa mwaka 1901, na kwa miaka mingi ng'ombe wa gredi waliotunukiwa nishani walikuwa karibu wote wa mashamba ya walowezi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua njia, wakulima Waafrika wengi walianza kufuga Ayrshire, Friesian, Guernsey na Jersey. Kituo cha mbegu za mafahali pale Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946, kimewasaidia sana, kwa kuwa mtu mwenye ekari mbili hawezi kulisha fahali wake mwenyewe. Vijana nao walipata vyama vyao. Vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikafifia, na mwaka 2021 vikafufuliwa katika shule. Kipo pia Chama cha Wakulima Vijana. Kwa hiyo kijana atakaye kuingiza mnyama katika maonyesho ya Kakamega hana haja ya kupapasa gizani. Aanze kwa mwalimu wa chama shuleni kwake.

Na ichukuliwe mfano wa binti wa miaka 15 huko Shinyalu, ambaye nyanya yake amempa ndama jike wa Ayrshire aliyechanganyika kidogo na zebu. Neno la kwanza la kutatuliwa ni hili: ng'ombe huyo ni wa nani? Swali hilo laweza kuonekana dogo, lakini ndilo ambalo limevunja moyo wa vijana wengi. Mtoto hukata majani miezi sita, huamka alfajiri, huchota maji. Hata siku ya maonyesho inapofika, fomu imeandikwa jina la baba, na kaka mkubwa ndiye anayeshika kamba. Tena wapo wazee wasemao kwamba mambo ya ng'ombe si ya wasichana, ingawa katika boma zao anayekamua ni mama na anayelisha ni binti. Mzazi mwenye busara ataita jamaa wawili watatu, na nyanya mwenyewe akiwapo, aseme mbele yao kwamba mtamba huyu ni wa mtoto huyu, na kwamba hatauzwa wala kutolewa mahari ya mtu yeyote bila yeye kuulizwa. Maneno hayo yakisemwa mapema huepusha machozi ya baadaye.

Baada ya hapo na linunuliwe daftari. Siku aliyozaliwa ndama iandikwe ukurasa wa kwanza, pamoja na jina la mama yake, na fahali aliyemzaa au namba ya mbegu iliyotumiwa. Madarasa ya maonyesho hugawanywa kwa umri, na mtamba wa miezi 11 hasimamishwi na mwenziwe wa miezi 20. Wako watu wapunguzao umri ili mnyama wao aonekane mkubwa kati ya wadogo. Hila hiyo ni ya kitoto. Mwamuzi hufunua mdomo wa ng'ombe, na akiona meno mawili ya mbele yamekwisha badilika, anajua kwamba mnyama huyo amekaribia miaka miwili au ameipita, hata fomu ikisema nini. Daftari hilo pia ndilo linalomwezesha mfugaji kuandikisha uzao wake katika kitabu cha ukoo wa ng'ombe cha Kenya, ambamo wazao wa ng'ombe wa kienyeji waweza kupanda ngazi kwa ngazi, kizazi baada ya kizazi, wakizalishwa na mafahali wa ukoo safi.

Afya hufuata. Katika sehemu za Kakamega adui wa kwanza wa ndama wa gredi ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na yule kupe wa kahawia apendaye kujificha ndani ya sikio. Josho au dawa ya kunyunyizia isikose kwa ratiba aliyoiweka Bwana Mifugo, na binti ajifunze kupenyeza kidole masikioni mwa mtamba kila jioni. Ipo chanjo iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970, ambayo humpa ndama vijidudu vya ugonjwa wenyewe pamoja na dawa ya kuvizuia, na kinga yake hudumu miaka mingi. Lakini kwa kuwa ni ugonjwa wenyewe uliofungwa kamba, mnyama aliyechanjwa huangaliwa kwa uangalifu kwa majuma kadhaa. Basi asichanjwe wakati maonyesho yako mlangoni. Chanjo ya ugonjwa wa midomo na miguu nayo ifanywe kwa wakati wake. Mtamba akiwa na choa, hata doa moja shingoni, atibiwe upesi, kwani choa huambukiza ng'ombe wengine na pia mikono ya mtoto amwoshaye, na mwamuzi atamtoa uwanjani.

Sasa kamba. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na wazazi wengi hupachukulia kwa wepesi mno. Katika nchi ya Isukha na Idakho watu wanajua sana kumfanya fahali awe mkali. Siku za mapigano ya mafahali isukuti hupigwa, vijana hukimbia mbele ya fahali wakiimba, na mnyama huingia uwanjani macho yamewaka. Mtamba wa maonyesho atakiwa kinyume chake kabisa. Yampasa atembee polepole kando ya mtoto, kichwa kimeinuka, asimame akiambiwa, akubali mgeni amshike mgongo na kiwele. Utulivu huo haununuliwi kwa juma moja. Miezi miwili ni haba. Mitatu yafaa zaidi.

Siku za kwanza mtamba avishwe hatamu ya kamba laini na kuachwa nayo kwa muda, binti akiwa karibu. Halafu afungwe kwenye nguzo kwa nusu saa, kamba iwe fupi na ifungwe usawa wa kichwa, asije akajitia kitanzi mguuni. Ndipo aongozwe kwenda kunywa maji, kwa kuwa huko anataka kwenda mwenyewe. Kosa la wengi ni kusimama mbele na kuvuta kwa nguvu zote. Ng'ombe akivutwa hurudi nyuma, na ng'ombe wa kilo 200 akishindana na mtoto wa kilo 45, atashinda mara zote, tena atakumbuka kwamba alishinda. Binti asimame ubavuni kushoto, karibu na bega, akaze kamba kidogo, na mara mtamba apigapo hatua moja, ailegeze. Mnyama huelewa ile kulegea kuliko anavyoelewa mvuto. Ndugu mdogo anaweza kutembea nyuma na kugusa kwa mkono, lakini fimbo ibaki nyumbani.

Kazi hiyo ifanywe asubuhi kabla ya shule, maana Kakamega mvua nyingi huja alasiri, na matope hayafundishi mwendo mzuri. Mtamba akishazoea njia ya mtoni, apelekwe karibu na mahali penye kelele, kwa mfano pembeni mwa soko la Khayega, mbali kidogo na barabara, asikie pikipiki, vipaza sauti na ngoma. Mtamba aliyefunzwa katika ukimya wa shamba huwa mpole mpaka siku ya maonyesho, na siku hiyo humburura bwana wake mbele ya watu elfu.

Mafuta mengi hayatakiwi. Wako wazazi wampakiao mtamba pumba na mahindi mpaka mkia unazama katika nyama, wakidhani mwamuzi ni mchinjaji. Ng'ombe wa maziwa hutazamwa mgongo ulionyooka, mbavu zilizotanuka, miguu imara na dalili za kiwele chema. Majani ya nepia yaliyokatwa kabla hayajakomaa, pamoja na desmodium au viazi vitamu, chumvi ya ng'ombe na maji yasiyokatika, hivyo vyatosha, na unga wa chakula uongezwe kidogo. Kwato zikatwe majuma kadhaa kabla, na mtu ajuaye.

Fomu ya kuandikisha ipelekwe kwa katibu wa maonyesho mapema. Kibali cha kusafirisha mnyama kiombwe katika ofisi ya mifugo. Na ikiwa karantini imetangazwa, mambo yamekwisha, na hakuna mzazi wa kumwendea mtu usiku akiwa na bahasha. Hilo ni jambo la uchungu kwa mtoto aliyengoja mwaka mzima, lakini ng'ombe mmoja mwenye midomo na miguu aweza kutia ugonjwa katika lokesheni nzima.

Siku yenyewe binti avae koti jeupe na viatu vilivyofunika vidole. Mtamba awe ameoshwa jana yake, akaushwe, akalale juu ya majani makavu. Uwanjani macho ya binti yasikae kwa watu, yakae kwa mwamuzi. Mwamuzi akimwuliza, “Mwanangu, huyu amezaliwa lini, na anakula nini?” ajibu mwenyewe kwa heshima, “Mzee, alizaliwa tarehe fulani, na nampa hiki na hiki.” Baba asijibu kutoka nje ya kamba. Waamuzi wazoefu hutambua mara moja mtoto aliyemlea mnyama na mtoto aliyekabidhiwa kamba asubuhi ile.

Akikosa utepe, na amwulize mwamuzi kwa adabu ni kasoro gani aliyoiona. Wengi wao hupenda kueleza, na jibu liandikwe katika daftari lile. Akiupata, yamkini mnunuzi atamjia baba kando ya banda akiwa na fedha mkononi. Baba akumbuke maneno aliyoyasema mbele ya nyanya, na amwelekeze mnunuzi huyo kwa binti.

Kurudi nyumbani mtamba asiingizwe moja kwa moja katika zizi la wenzake. Akae peke yake majuma mawili, na vyombo vyake visichanganywe. Kila asubuhi binti apime joto lake: nyuzi 38.5 ni afya, likipita 39.5, daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo, na namba hizo zote ziandikwe.