Karatasi ya asiransi kwenye kioo cha kamyo hailipi mahindi yetu

Wanachama wenzangu, kila musimu ni ile ile. Kamyo inaanguka njiani kati ya Piana-Mwanga na Kalemie, magunia yanalowana ao yanaibiwa, mwenye kamyo anasema: "Niko na asiransi, mungojee." Tunangojea. Feza hazikuji.

Ile karatasi inatokana na sheria inayolazimisha kila gari kuwa na asiransi ya hasara inayofanyia wengine: mutu aliyegongwa, ukuta uliobomoka, mbuzi ya jirani. Kwa kawaida muzigo wenye kamyo inabeba hauko ndani. Muzigo unaomba asiransi yake, na mukataba mwingine. Njo maana kampuni ikikataa kulipa mahindi, mara nyingi haidanganyi. Sisi njo tulibisha mulango usio wetu.

Mulango wetu ni mwenye kamyo. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya kubeba bidhaa kwa barabara inasema wazi: toka anapokea muzigo mpaka anautoa, yeye njo anajibu. Anajitoa tu akionyesha kosa ni letu, ao muzigo ulikuwa na ubaya wake, ao lilimufikia jambo asiloweza kuepuka. Matope ya mwezi wa tatu kila shofere anayajua. Mimi siyaiti kazi ya Mungu. Na akiandika kwenye risiti kwamba "hajibu hasara yoyote", maneno hayo ni bure, sheria inayafuta.

Tunapopotea ni kwa siku. Gunia likifika limepasuka, tunamuandikia siku ya kazi inayofuata, si zaidi. Uharibifu usioonekana, kama unyevu ndani ya gunia, ni siku 7. Tukinyamaza, inahesabiwa kwamba magunia yalifika mazima, mpaka sisi tuonyeshe kinyume. Halafu barua ya madai ndani ya siku 60. Kama muzigo haukufika kabisa, miezi 6 toka alipoupokea. Kesi yenyewe, mwaka 1. Sisi tunatuma wazee wakaongee, wanakunywa chai, wanapatana kwa mudomo, na mwaka unakwisha. (Kuongea si vibaya. Barua itangulie tu.)

Wengine wanasema gharama ya tribinali inapita bei ya magunia 20. Ni kweli kwa mutu peke yake. Koperative inayodai magunia ya wote kwa barua moja ni kitu kingine, na mwenye kamyo anajua musimu ujao atatuhitaji.

Kuhusu asiransi ya muzigo: toka sheria ya tarehe 17 Machi 2015, SONAS haiko tena peke yake, tunaweza kuuliza bei kwa wengi. Lakini tuulize kwanza kama wizi na maji viko ndani.

Kwa mavuno haya, mwandishi wetu aandike kwenye daftari namba ya kamyo, hesabu ya magunia na kilo zake, shofere aweke sahihi, njo tupakie.