Mgongo, Kiti cha Ofisi na Mshale wa Pili

Kama unasoma ukurasa huu umekaa upande mmoja kwa sababu kiuno kinawaka, leo ni zamu yako.

Mimi ni mhasibu hapa Bukoba na huu ni mwaka wa tatu mgongo unanisumbua. Mume wangu anafundisha Muleba, kwa hiyo kila Ijumaa nabanwa kwenye Hiace katikati ya mikungu ya ndizi. Nikifika, mwenzangu kanisubiri kwa hamu ya wiki nzima, na mimi hata kuguswa sitaki. Yeye anahisi nimebadilika, mimi nahisi hanionei huruma. Ndoa inapona vipi hapo? Tulishafikia kununiana wikiendi nzima kwa ajili ya pingili za mgongo!

Daktari alinipima, hakuona kilichovunjika, akanipa mazoezi. Ndipo shoga yangu mmoja aliponisimulia habari za Kituo cha Wabudha kule Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa wa Kibudha ambaye ni mtoto wa Kampala. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa nikashtuka. Mama mkwe akisikia je?

Lakini kilichoninasa ni hiki: Buddha mwenyewe alikuwa anaumwa mgongo! Maandiko yao yanasema aliwahi kumwachia mwanafunzi wake Ananda aendelee kufundisha, yeye akaenda kujilaza. Wala hakuona aibu. Sisi huku tunajikaza mpaka saa kumi na moja ili bosi atuone wachapakazi.

Alifundisha pia kwamba maumivu ya mwili ni kama mshale, na hofu na hasira zinazofuata ni mshale wa pili. Wa kwanza ni pingili. Wa pili ni ile "nitapooza, ataniacha, kazi itanishinda". Huo wa pili ndio unaotua kitandani katikati ya watu wawili.

Wazungu nao wameuchukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alichota mbinu za Wabudha akatengeneza mafunzo ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, bila kumbadilisha mtu dini. Utafiti wa mwaka 2016 uliwahusisha watu 342 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya wiki 26, kama 6 kati ya 10 waliopata mafunzo hayo walijimudu vizuri zaidi. Kwa waliobaki na matibabu ya kawaida ni kama 4 tu. Si muujiza, lakini si haba.

Mimi nalala chali, magoti juu, dakika 20. Nafuata pumzi, naupitia mwili kuanzia vidole vya miguu. Nikifika kiunoni sipigani nayo, naangalia tu: yanachoma au yanabana? Rozari yangu iko pale pale. Ofisini nasimama kila nusu saa, wanaocheka wacheke.

Na mume wangu tumekubaliana namba, sifuri mpaka kumi. Nikisema nane, anajua ni siku ya kukandwa na maji moto, hakuna kununa. Nikisema tatu, hayo ni yetu wawili.

Ila ukiona ganzi sehemu za siri, miguu inakosa nguvu au mkojo unatoka wenyewe, hapo usitafakari chochote. Wahi hospitali siku hiyo hiyo.